Ray Eames: Mama wa kile kiti cheupe cha kila keja Nairobi, na venye jina lake lilisahaulika

Cheki vizuri zile picha wasee huposti wakihamia keja ya kwanza. Iwe bedsita ya Roysambu, chumba kimoja Umoja ama studio ya Kilimani kwa wale wameomoka, kuna kitu hakikosi. Kakiti keupe ka plastiki, miguu ya mbao imepanuka kama ya ndama amezaliwa jana, na vyuma vyeusi vimepishana hapo chini. Kako salon, kako kwa kibanda cha kahawa, kako kwa ofisi ya yule jamaa wa bima. Hata mimi niko nako.

Kusema ukweli nilinunua mbili. Hiyo ilikuwa mwaka wa kwanza nimetoka kwa mathe, nikawa na godoro, meko, na ndoto ya kuishi kama wale watu wa Pinterest. Nikaagiza viti mbili onlaini, ngiri tatu na kitu kila moja. Kimoja kilinivunjikia mguu mgeni akiwa amekalia, tena mgeni wa maana, na muuzaji akaniblock kabla hata sijamaliza kuandika malalamiko. Huo usiku nilikaa kwa kile kilichobaki nikaanza kutafuta nani hasa alichora hii kitu. Nilitarajia niletewe jina la kampuni ya Uchina. Nikaletewa bibi na bwana wa Marekani waliokufa kitambo, na kila posti ilikuwa inamtaja bwana tu. Bibi alikuwa anaitwa Ray.

Ray Eames alizaliwa tarehe 15 Desemba 1912 mjini Sacramento, California. Jina lake la cheti lilikuwa Bernice Alexandra Kaiser, lakini nyumbani walimwita Ray Ray, na hilo ndilo lilishika. Mzae wake alikuwa meneja wa ukumbi wa burudani, zile za waimbaji, wachekeshaji na watu wa mazingaombwe, baadaye akaingia kwa biashara ya bima. Kwa hivyo Ray alikua akiona pazia, taa, rangi na magauni ya jukwaani. Ukicheki maisha yake yote baadaye, hiyo kitu haikumtoka. Nyumba kwake ilikuwa jukwaa.

Buda yake alifariki Ray akiwa bado msichana, na yeye na mathe wakabaki kushikana. Walihamia upande wa mashariki wa Marekani, Ray akasoma, kisha akaingia New York kujifunza kuchora chini ya Hans Hofmann, mchoraji Mjerumani aliyekuwa amehamia huko. Hizo zilikuwa enzi ambazo ukichora maumbo na rangi tu, bila sura ya mtu wala mti, makumbusho makubwa yalikuona kama umepotea njia. Mwaka wa 1936 Ray na wenzake wakaanzisha chama chao, American Abstract Artists, wajionyeshee kazi wenyewe. Alikuwa na miaka 23. Nasema hivi mapema kwa sababu watu hupenda kumsimulia kama msichana aliyeokotwa na bwana genius. Apana. Huyu alikuwa msanii kamili kabla ajue kuna mtu anaitwa Charles.

Mwaka wa 1940 mathe akafariki. Ray, sasa hana mzazi, hana bwana, miaka 27, akaamua kwenda Michigan kwenye chuo cha sanaa kinaitwa Cranbrook. Hapo ndipo alipatana na mwalimu mmoja mrefu, mtanashati, mkuu wa idara ya dizaini.

Charles Eames alikuwa wa St. Louis, Missouri, amezaliwa 1907. Naye pia alipoteza babake akiwa mtoi na akaanza kufanya kazi za mikono mapema. Aliingia Washington University kusomea usanifu wa majengo, akakaa kama miaka miwili, akatoka bila digrii. Hapa nilisoma mara mbili. Mimi nilihepa chuo mwaka wa pili na shangazi zangu bado wananiuliza nitarudi lini, kwa hivyo nilikuwa nahitaji kuona hiyo sentensi.

Drama sasa. Charles alikuwa ameoa, na alikuwa na binti. Wakati huo yeye na rafiki yake Eero Saarinen walikuwa wanatengeneza viti za shindano la jumba la makumbusho la MoMA, New York, na Ray akaingia kusaidia na michoro. Walishinda zawadi ya kwanza mara mbili. Katikati ya hiyo michoro, moyo ukafanya venye hufanya. Ndoa ya kwanza ikaisha 1941, na Charles akamwandikia Ray barua kwa mkono ya kumposa. Kwenye hiyo barua hakujifanya sonko. Alimwambia waziwazi kwamba anakaribia miaka 34, yuko singo tena, hana doo, na hawezi kuahidi kwamba watakula vizuri, ila atajaribu. Halafu akauliza saizi ya kidole cha pete. Wasee wa siku hizi mnaazima gari la beshte ndio mpeleke dem out.

Walifunga ndoa Chicago tarehe 20 Juni 1941, wakaingia kwa gari na kuendesha hadi Los Angeles. Inasimuliwa kwamba njiani waliokota kichaka kikavu, kile huviringishwa na upepo jangwani kwa zile sinema za kauboi. Kukiweka kwa gari la watu wawili waliosota ni uamuzi wa ajabu kiasi. Shika hiyo kichaka, tutairudia.

Keja yao ya kwanza ilikuwa ya kukodisha, mtaa wa Westwood, kwenye jengo lililochorwa na msanifu Richard Neutra. Nyumba poa, lakini nyumba ya kukodi ni nyumba ya kukodi, landilodi ako. Charles alipata kazi MGM, ile studio ya filamu, akitengeneza mandhari za kuigizia. Mchana anapigia wenyewe kazi, usiku anarudi, na yeye na Ray wanageuza chumba cha ziada kuwa karakana.

Shida yao ilikuwa hivi. Zile viti zilizoshinda shindano zilikuwa tamu kwa karatasi, lakini kiwandani zilikuwa zinasumbua. Walitaka kukunja plaiwudi moja ifuate umbo la mwili pande zote, mgongo na makalio, kama bakuli. Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mbao zimepangwa na gundi katikati. Ukiikunja upande mmoja inakubali. Ukitaka ikunjike pande mbili kwa wakati mmoja inapasuka. Ndio maana zile za shindano zilibidi zifunikwe na kitambaa, kuficha nyufa. Ile ndoto ya kiti bei rahisi cha kila mtu ikawa imekwama hapo.

Kwa hivyo hawa wapenzi wakajijengea mashine ndani ya nyumba. Waliiita Kazam!, kama lile neno la watu wa mazingaombwe, maana mbao iliingia bapa ikatoka imekunjika. Ilikuwa fremu ya mbao, ukungu wa jasi uliowekwa nyaya za umeme ndani za kutoa joto, na kibofu cha kujazwa hewa kusukuma mbao dhidi ya ukungu. Hewa ilijazwa na pampu ya baiskeli. Pampu ya baiskeli, manze. Mnapampu, mnangoja masaa, mnafungua, mnaona imepasuka tena, mnaanza upya. Gundi na vipande vya mbao Charles alikuwa anaviingiza nyumbani polepole ndio landilodi asishtuke.

Sasa hizo nyaya zilikuwa zinakula stima kuliko nyumba ilivyoweza kutoa. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Charles alipanda nguzo ya umeme huko nje akavuta laini yake mwenyewe kutoka kwa transfoma. Mkazi yeyote wa Nairobi anaijua hiyo kazi kwa jina, na anajua venye huisha. Usijaribu. Lakini inanichekesha kwamba kile kiti cha watu wa hali ya juu mizizi yake ni sambaza ya stima.

Vita vya pili vya dunia ndivyo viliwatoa. Wanajeshi waliovunjika miguu walikuwa wanafungwa kwa gango za chuma, na chuma kikitikiswa wakati wa kubebwa kilikuwa kinazidisha majeraha. Charles na Ray wakatengeneza gango la plaiwudi, wakitumia mguu wa Charles kama kielelezo. Lilikuwa jepesi, limefuata umbo la mguu, na lina matundu ya kupitisha bandeji. Ukiangalia vizuri, hayo matundu hayakuwa urembo tu. Ndiyo yaliyoruhusu mbao ikunjike pande mbili bila kupasuka, kwa sababu ukitoa kipande mahali ambapo mbao inabanwa, presha inaisha. Hapo ndipo jibu lilikuwa. Jeshi la majini liliagiza 5,000 mwanzo mwanzo, na kufikia mwisho wa vita gango kama 150,000 zilikuwa zimetengenezwa. Siku hizi wakusanyaji vitu vya zamani wanalitundika hilo gango ukutani kama sanamu. Na ukweli ni sanamu. Hizo mikunjo ni mkono wa mtu aliyesoma kuchora na kuchonga, na kati ya hao wawili mchoraji alikuwa Ray.

Vita ikaisha, ujuzi ukarudi kwa viti. Walikubali kwamba kiti si lazima kiwe kipande kimoja. Wakatenganisha makalio na mgongo, wakaunganisha na uti wa mbao na vipande vya mpira vya kufyonza mtikiso. Ndio hiyo LCW, kiti kifupi cha plaiwudi ambacho jarida la Time mwaka wa 1999 lilikitaja kuwa dizaini bora ya karne nzima.

Mwaka wa 1946 MoMA ikawafanyia maonyesho. Hapa ndipo roho yangu iliuma. Jina la maonyesho lilisema ni samani mpya zilizochorwa na Charles Eames. Charles peke yake. Ray hayuko. Vijana wa karakana waliokesha nao, mmoja akiwa Harry Bertoia ambaye baadaye alikuja kuwa mkubwa kivyake, pia hawako. Wengine walikasirika, Bertoia akahepa. Ray yeye hakuhepa, na hakupiga kelele hadharani. Alirudi kazini.

Kuna watu watakuambia enzi zilikuwa hivyo. Sawa, zilikuwa hivyo. Lakini Charles mwenyewe alikuwa anasema kila mara kwamba chochote anachoweza, Ray anakiweza kumshinda, na ofisi ilijua kwamba rangi, kitambaa, mpangilio na lile jicho la mwisho la kusema hapa bado, vilikuwa vya Ray. Kati ya 1942 na 1947 alichora zaidi ya majalada 20 ya jarida la Arts & Architecture. Alibuni vitambaa vya mtindo wa nukta na mistari ambavyo bado vinauzwa. Hata vile vistuli vya mbao ya mwozi vya 1960, vilivyotengenezewa jengo la Time-Life kule New York na kufanana na sanamu za kuchongwa, ni vyake. Na bado mwaka wa 1956, walipoenda kwa televisheni ya NBC kuonyesha kile kiti chao kikubwa cha ngozi na stuli ya miguu, mtangazaji alimkaribisha kama mke anayesimama nyuma ya mume, na Ray akatabasamu venye watu hutabasamu wakiwa kwa TV.

Turudi kwa kakiti kako. Mwaka wa 1948 MoMA iliandaa shindano la samani za bei nafuu. Baada ya vita watu walikuwa wanarudi, wanaoa, wanahamia vijumba vidogo, hawana pesa. Msoto kama wetu. Charles, Ray na timu wakapeleka kiti cha bati la kukandamizwa. Bati likawa ghali na baridi, wakahamia faibaglasi, ile plastiki yenye nyuzi za kioo ambayo jeshi lilikuwa linaitumia kwa ndege. Kufikia 1950 kiti kilikuwa sokoni kupitia kampuni ya Herman Miller: kalio moja la kukunjwa, na miguu unachagua. Ya vyuma vilivyopishana kama mnara wa Eiffel, ya mbao, ya kubembea. Kalio moja, miguu mingi, ndiyo siri ya bei. Ile ya miguu ya mbao ndiyo babu wa kako.

Ukinunua kopi, fahamu unanunua nini. Ya kwetu ni plastiki ya kawaida, na miguu imeshikwa na skrubu kwa vile vyuma vyeusi. Hizo skrubu hulegea. Mimi ningejua, ningekuwa nazikaza kila mwezi na bisibisi ya soo, na mgeni wangu hangeona dari. Kabla hujalipa kikalie kwanza, jitikise kushoto kulia, na ukisikia inalia toka. Kuagiza kwa picha ni kamari.

Watu wengi husoma hii mtindo, ile wanaita ya katikati ya karne, wakidhani ni duka la bei. Jina lenyewe lilishika baada ya mwandishi Cara Greenberg kutoa kitabu mwaka wa 1984. Ray hakuwa anapamba mtindo wowote. Alikuwa anapamba nyumba.

Na nyumba yenyewe ina stori. Jarida la Arts & Architecture lilikuwa na mradi wa kujenga nyumba za mfano kwa vifaa vya kiwandani. Charles na Saarinen walichora moja ya akina Eames mwaka wa 1945, ikae kama daraja, ichomoze kutoka kilimani juu ya kiwanja kule Pacific Palisades, ikitazama bahari. Lakini chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na kilichelewa karibu miaka mitatu. Hiyo muda yote Charles na Ray walikuwa wanaenda pale kupiga pikiniki na kurusha mishale. Wakapenda hiyo nyasi na safu ya mikaratusi. Chuma kilipofika 1948 waligundua kwamba hiyo nyumba ingeua kitu hasa walichokipenda pale. Wakaichora upya, wakaisukuma pembeni kando ya kilima nyuma ya miti, karibu kwa chuma kilekile walichokuwa wameagiza. Miti hiyo hiyo ya mikaratusi, kama ukishawahi kupanda matatu ya Limuru unaijua harufu yake.

Fremu ilisimamishwa na watu watano kwa masaa 16. Madirisha, milango, mabati, vyote viliagizwa kutoka kwa katalogi za viwanda, vitu vya karakana na stoo. Nje ikawa kama mchoro: mistari myeusi, vipande vyeupe, kimoja chekundu, kingine bluu. Mchoraji wa New York alikuwa hajaacha kuchora. Waliingia mkesha wa Krismasi 1949, na hawakuhama tena.

Ndani sasa ndio uchafu mzuri. Ukizoea picha za siku hizi za keja tupu na ua moja kwa chupa, utashangaa. Nyumba ya Ray ilijaa. Mikeka, blanketi za kusuka, mawe ya ufukweni, magamba ya konokono, vinyago, tiara, wanasesere, mishumaa, maua mabichi kila siku. Michoro ilining'inia kutoka darini badala ya ukutani. Na kile kichaka cha jangwani? Kilipewa kamba kikaning'inizwa sebuleni. Bure kabisa, kimeokotwa barabarani, kwenye moja ya nyumba maarufu zaidi za karne.

Kilichofanya isiwe stoo ya mitumba ni mpangilio. Ray alikuwa anasogeza kitu kidogo mpaka kikae. Samani zilikuwa chache, fupi, zenye miguu myembamba, na hiyo ndiyo siri ya chumba kidogo: ukiona sakafu ikiendelea chini ya kiti, jicho linadanganyika kwamba chumba ni kikubwa. Lile kochi zito la duara lenye linagusa sakafu pande zote, lile la mkopo, linameza bedsita yako nusu. Chukua viwili vyenye miguu, weka leso ama kikoi rangi kali, tafuta mti mmoja mkavu wenye umbo, mawe, kikapu cha Machakos, halafu kaa nazo uzisogeze. Huhitaji siku moja. Yeye alisogeza miaka 39.

Na kabla hujaenda kulipa ngiri arobaini kwa duka la Ngong Road, piga simu ushago. Zile viti za shosho za mbao, mikono imechongwa nyembamba, mito ya kutoa, zilizofunikwa vitambaa tangu enzi za Moi? Angalia miguu yake. Ni familia moja. Mimi nilichukua kimoja kutoka kwa shosho, fundi wa mtaa akakipiga msasa na vanishi, mito nikafunika kitambaa cha Gikomba. Ndicho kiti cha pekee kwa keja yangu ambacho watu huuliza nilitoa wapi. Shosho bado anadhani nilikuwa nataka kukitupa.

Ray alikuwa na mambo yake pia. Alikuwa hawezi kutupa kitu. Kila kikaratasi, pakiti ya sigara, kadi, aliandika na kuweka. Ofisi yao pale 901 Washington Boulevard, Venice, ilikuwa inachelewesha kazi kwa sababu Ray bado hajaridhika na rangi. Na kuna msanifu majengo, Kevin Roche, aliyesimulia kwamba alialikwa kwao chakula cha jioni, na wakati wa vitamutamu ukafika, Ray akaleta mabakuli ya maua yawekwe mbele ya wageni wayaangalie. Kuangalia tu. Jamaa alitoka hapo akaenda kutafuta aiskrimu. Kusema kweli ningefuata huyo.

Kazi ilizidi viti. Mwaka wa 1958 serikali ya India iliwaita washauri, na ripoti yao ikachangia kuzaliwa kwa taasisi ya dizaini ya Ahmedabad. Mwaka wa 1959 walienda Moscow na filamu iliyoonyeshwa kwa skrini saba kubwa kwa pamoja, picha zaidi ya 2,000 kwa dakika kama 12, kuwaonyesha Warusi maisha ya Marekani. Mwaka wa 1977 wakatoa Powers of Ten, filamu fupi inayoanza na watu wawili wamelala pikiniki Chicago halafu kamera inarudi nyuma, kila sekunde kumi mbali mara kumi zaidi, hadi galaksi zinakuwa vumbi. Itafute. Ni ya dakika tisa, inashinda nusu ya vitu unatazama.

Nyumbani haikuwa rahisi vile picha zinaonyesha. Filamu ya mwaka wa 2011 kuhusu maisha yao ilieleza kwamba Charles alikuwa na mpango wa kando, na kwamba mambo yalifika mahali alitaka kuacha kila kitu aanze upya na huyo mwingine, ambaye alikataa. Ray alibaki, na kazi ikaendelea. Kila mtu asome hiyo venye anataka. Mimi nikifikiria jina lililokosa kwa maonyesho ya 1946, halafu hii, nashindwa kuiona kama stori ya mapenzi tamu tu yenye tunauziwa pamoja na viti.

Charles alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 21 Agosti 1978, akiwa St. Louis. Mwaka uliofuata, wasanifu wa Uingereza wakatoa nishani yao ya dhahabu ya kifalme, na safari hii jina lake na la Ray yalikuwa pamoja. Mmoja tu ndiye alikuwa hai kuipokea.

Watu walidhani Ray ataendelea kuchora viti vipya. Hakufanya hivyo. Miaka kumi iliyobaki aliitumia kupanga kile walichofanya: mamia ya maelfu ya picha, michoro, barua na vikaratasi, ambavyo vilienda Library of Congress kule Washington. Zile pakiti za sigara zenye watu walikuwa wanacheka ndizo leo zinaonyesha mkono wa nani ulichora nini. Alifanya kazi pia kwa kitabu kikubwa cha kuorodhesha miradi yote, kikatoka 1989. Hakukiona.

Kile kiti cha ngozi cha 1956 sasa kinauzwa zaidi ya dola 5,000, yaani ukiwa nacho kwa bedsita, kiti kinaweza kulipa rent yako miaka na miaka. Kile cha faibaglasi, kilichobuniwa kwa watu wasio na pesa, cha asili ni cha wakusanyaji. Kopi ya ngiri tatu na kitu, yenye mwenyewe hapati hata senti, ndiyo imebaki kufanya ile kazi waliyokuwa wanaitaka. Sijui kama Ray angekasirika ama angecheka. Najua angeangalia hizo skrubu.

Alifariki tarehe 21 Agosti 1988, miaka kumi kamili kwa siku baada ya Charles, akiwa na miaka 75. Walizikwa makaburi ya Calvary, St. Louis. Nyumba ya Pacific Palisades ilibaki na familia, vitu vikiwa karibu pale pale alipoviacha. Mwezi Januari 2025, moto mkubwa ulipochoma huo mtaa, majirani wengi walipoteza kila kitu. Nyumba ya Ray ilipona. Moshi uliingia ndani, ikabidi isafishwe.